Fomu Isiyo na Hapana

Siku ya Jumatatu, kwa mujibu wa kompyuta, mji mzima ulikuwa umejimwagia asali. Nguo mia moja na kumi na mbili zilipokelewa kwa dobi siku hiyo, na zote, kuanzia koti la hakimu hadi soksi za mwalimu wa mazoezi, ziliandikwa doa moja tu: asali.

"Injinia!" Bosi akaita kutoka chini ya ngazi. "Hebu shuka uniambie kuna mzinga gani umepasuka hapa mjini!"

Injinia alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mrefu, mwembamba, mwenye kichwa kilichojaa mambo mawili: kompyuta na mashairi. Yote mawili alijifundisha mwenyewe, na kwa yote mawili hakuwa tayari kukosolewa na mtu. Jina la Injinia alipewa kwa kejeli siku ya kwanza alipofika, naye akalipokea kama cheo. Bosi alikuwa mdogo wa mama yake. Nyumbani alimwita mama mdogo, lakini hapa kazini alikuwa amekwisha kuonywa mlangoni: "Ukivuka kizingiti hiki, mimi si mama yako mdogo. Mimi ni bosi. Ukinililia nitakufua na kukuanika."

Kazi aliyopewa ilikuwa kulistaafisha daftari kubwa la kaunta na kuweka mahali pake fomu ya kwenye tableti. Alichagua kiunzi, yaani mifupa ya tovuti iliyokwisha kuchongwa na watu wengine, ambayo wewe unaivisha nyama. Na kiunzi chake kilikuwa na uchawi mmoja aliousifia kwa kila aliyemsikiliza, na kwa wengi ambao hawakumsikiliza. Ukikionyesha jedwali lililomo kwenye hifadhidata, ghala la kumbukumbu za kompyuta, chenyewe kinakushushia fomu nzima: kisanduku cha jina la mteja, kisanduku cha aina ya nguo, orodha ya madoa ya kuchagua, na kitufe cha kuhifadhi. Mistari minne tu ya kuandika, fomu hiyo hapo!

Ubaya wake ni kwamba fomu ya namna hiyo huja kama suruali ya dukani, imeshonwa kwa ajili ya kila mtu na haimkai mtu yeyote. Orodha ya madoa ilijipanga kwa alfabeti. Asali ikawa ya kwanza, na ya kwanza ikawa imekwisha kuchaguliwa hata kabla mtu hajaigusa. Watu wakapita, wakabofya, wakahifadhi. Asali, asali, asali.

"Ni jambo dogo," Injinia alisema akiwa amesimama katikati ya ngazi, kidevu juu. "Leo hii hii nalirekebisha."

"Iwe dogo kweli," Bosi akasema. "Koti la hakimu lina mafuta ya pikipiki. Wamelitia maji ya vuguvugu kama mtoto mchanga."

Injinia akarudi kwenye kichumba chake cha juu, palipokuwa na meza moja, dirisha moja na bomba la mvuke lililopita ukutani likimpasha mgongo mchana kutwa. Akaufanya mwanzo wa orodha uwe mtupu, ili mtu alazimike kuchagua. Kisha akafika penye ujumbe wa kosa, ule unaotokea mtu akiacha kisanduku wazi. Kiunzi kiliuleta ukiwa mkavu: *Sehemu hii ni lazima.* Akautazama. Damu ya ushairi ikamchemka. Nani anaweza kumsemesha mwenzake hivyo? Akaufuta, akaandika wake:

*Doa bado hujataja, mwenzangu wapita wapi?*
*Mteja anakungoja, umwulize doa lipi.*

Akazihesabu mizani kwa vidole vya mikono yote miwili. Nane kwa nane. Akajipigia makofi mwenyewe, peke yake, chumbani.

Pale kwa dobi palikuwa na utaratibu mmoja ambao Bosi hakuruhusu uvunjwe. Kila mtu, awe fundi wa mashine au mpiga pasi, hata Bosi mwenyewe, alishika zamu ya kaunta kila siku. Alisema mtu akikutana uso kwa uso na mwenye nguo, hawezi kuichoma nguo hiyo na kulala usingizi. Kwa hiyo wote saba waliitumia fomu ya Injinia, na mmoja wa hao saba alikuwa Pasi.

Pasi alikuwa binti mpiga pasi, na jina lake halikutokana na kazi peke yake. Ulimi wake ulikuwa moto, ulinyoosha kila kilichopita chini yake. Jumanne asubuhi, Injinia akifungua hifadhidata kuona kama asali imekauka, alikuta kwenye kisanduku cha *Maelezo mengine* maneno haya:

*Shati jeupe, doa la chai kifuani. Mshairi wa kompyuta naye ana doa la wino mfukoni tangu afike. Mbona la kwake halitaji?*

Injinia akaangalia mfuko wa shati lake la bluu. Kweli, wino ulikuwapo, mkubwa kama jani. Akahisi masikio yanawaka. Mtu mwingine angeshuka akajibu kwa mdomo. Yeye akafungua msimbo, yaani zile amri zinazoiendesha fomu, akaenda pale pa kuandika maelezo ya msaada, yale maandishi madogo chini ya kisanduku yanayomwelekeza mtu cha kujaza, akaandika: *Eleza hali ya nguo ya mteja. Hali ya mwandishi wa fomu si nguo.*

Baada ya robo saa jibu likaingia, limebanwa ndani ya rekodi ya blanketi: *Si nguo, ila ana mikunjo. Aletwe.*

Basi kazi ikanoga! Jumanne hiyo na Jumatano yake Injinia aliirekebisha fomu kama mtu aliyepagawa. Alibadili majina ya visanduku, akapanga upya nguo ili zinazoletwa sana zitangulie, akaweka picha ndogo ya kila doa, na kila badiliko lilibeba ndani yake kijembe cha kumjibu Pasi. Naye Pasi hakuacha rekodi moja ipite bila mwiba. Wateja walishangaa kuona binti wa kaunta anapokea mashuka huku anacheka peke yake. Juu kule, bomba la mvuke lilikuwa likimsikia kijana akiruka kwenye kiti.

Jumatano jioni, akifunga dirisha, Injinia aligundua jambo lililomtoa jasho. Hakuwa anangoja tena kuona kama fomu inafanya kazi. Alikuwa anangoja maneno ya mtu mmoja. Na yule aliyeweza kuandika ubeti bila kupumua hakuwahi, hata siku moja, kumwambia Pasi neno ana kwa ana zaidi ya "habari za asubuhi".

Alhamisi akafanya aliyoyaona kuwa ushujaa. Aliandika kanuni fupi: kabla fomu haijaonyeshwa, itazame nani ameingia kwa jina lake kwenye tableti. Akiwa mwingine yeyote, mpe fomu ya kawaida. Akiwa Pasi, mwongezee kisanduku kimoja mwishoni: *Jumamosi jioni, twende tukatembee?* Kwenye orodha ya majibu akaweka mawili: *Ndiyo*, na *Ndiyo, upesi*. Hapana hakuiweka. Kwa nini umpe mtu kisu halafu umfunulie kifua? Kisha akakifanya kisanduku kiwe cha lazima, na kwa atakayejaribu kukiruka akaweka mstari huu:

*Kisanduku cha lazima, usipite kimya kimya.*

Saa mbili na nusu akakipeleka kaunta. Akakaa mbele ya skrini, mikono katikati ya mapaja.

Saa tatu kasoro ishirini rekodi ya kwanza ikaingia. *Aliyepokea: Pasi. Jibu: Ndiyo.*

Injinia alisimama, akakaa, akasimama. Akafungua dirisha akamsalimu njiwa. Hajatulia, rekodi ya pili: *Pasi. Ndiyo.* Ya tatu: *Pasi. Ndiyo, upesi.* Ya nne, ya tano! Kila nguo inayoingia, binti anakubali upya! Injinia akaanza kucheza pale pale kati ya meza na bomba, polepole kwanza, halafu kwa mabega. Hata washairi wakubwa, alijiambia, hawakukubaliwa mara tano kabla ya saa tatu.

Ilipofika rekodi ya tisa akasoma maelezo yake. *Suruali ya kaki, imechanika gotini. Na mimi goti langu la kushoto bovu, tusitembee mbali.* Moyo ukamwuma kwa huruma. Kumbe maskini ana goti, na anavyosimama kutwa penye meza ya pasi! Akachukua karatasi akachora njia ya tambarare, isiyo na kilima wala ngazi, yenye mabenchi mawili.

Ya kumi na saba: *Ndiyo, upesi. Blauzi ya hariri. Upesi kwa sababu watu wamejaa na hiki kitu hakiniruhusu kupita.* Akakumbatia kiti.

Ya ishirini na tatu: *Ndiyo. Mapazia sita. Nije peke yangu, au nije na mume wangu?*

Injinia akaacha kucheza, mguu mmoja ukiwa bado hewani.

Mume?

Ngazi za pale zilikuwa kumi na sita. Alikanyaga nne tu. Chini alikuta foleni imefika mlangoni, na nyuma ya kaunta hakuwapo Pasi. Alikuwapo Mama Vifungo, fundi wa kushona vilivyochanika, miwani imemshuka puani.

"Ah, mwanangu!" Mama Vifungo akasema. "Ndiyo kwanza nimekujibu. Mume wangu si mtu wa matembezi, lakini nikimwambia ni mwaliko wa injinia atanyoa ndevu."

"Saa ngapi hasa?" akauliza Mzee wa Mapovu, fundi wa mashine za kufulia, akipapasa goti la kushoto. "Maana umesema jioni, na jioni ni ndefu. Na kule tunakokwenda kuna pa kukaa?"

Injinia akapiga hatua kuelekea kaunta.

"Na mimi nimejibu," ikasema sauti nyuma yake. Ilikuwa ya Bosi, na haikuwa na haraka. "Nimebofya ndiyo mara sita. Nilitafuta hapana, nikaitafuta kama mtu anayetafuta sindano gizani, hakuna. Wateja wananitolea macho. Mtoto wa dada yangu anataka nitoke naye Jumamosi, na mashine inaniambia nisipite kimya kimya. Nifanyeje? Nikakubali."

Foleni nzima ikavunjika mbavu. Mwanamke mwenye shuka la kitanda akauliza kama na wateja wanaruhusiwa.

Hapo ndipo Injinia alipoitazama tableti. Juu kabisa, kwa maandishi madogo aliyoyaandika mwenyewe, ilisema: *Karibu, Pasi.* Kanuni yake ilikuwa sahihi, haikukosea hata nukta. Pasi alifungua kaunta saa mbili, akaingia kwa jina lake, halafu akatumwa hotelini, pamoja na dereva, kuchukua vitambaa vya meza. Na pale kaunta, nani aliwahi kutoka kwa jina lake ili mwenzake aingie kwa lake? Mmoja akiingia asubuhi, basi mpaka kufunga. Kwa kompyuta, Mzee wa Mapovu alikuwa Pasi. Mama Vifungo alikuwa Pasi. Bosi, mama yake mdogo, mwenye biashara yenyewe, alikuwa Pasi.

Mlango ukasukumwa kwa kiwiko. Pasi mwenyewe akaingia na furushi la vitambaa vya meza hadi kidevuni. Akakuta watu wote wanamtazama. Akaweka furushi chini. Akaivuta tableti, akasoma. Akarudi nyuma kwenye rekodi, moja moja, kwa kidole.

"Mara ishirini na tatu," akasema mwisho. "Nimekubali mara ishirini na tatu, na sikuwepo hata mara moja."

Akachukua furushi lake, akaenda chumba cha pasi. Hakubamiza mlango. Afadhali angeubamiza.

"Kabla ya saa sita," Bosi akamwambia Injinia kwa sauti ya chini, na kicheko kilikuwa kimemtoka usoni, "fomu iwe fomu. Na mtu ajulikane kuwa ni mtu."

Saa sita haijafika, kisanduku cha Jumamosi kilikuwa kimefutwa. Mahali pake, mwanzoni kabisa mwa fomu, palikuwa na swali jipya lililoanza tupu kwa kila nguo: *Anayepokea ni nani?* Likifuatiwa na majina saba. Kwa kazi, lilikuwa rekebisho bora kuliko yote aliyoyafanya wiki ile. Injinia hakujipigia makofi. Alishuka ngazi zote kumi na sita, moja baada ya nyingine, akaingia chumba cha pasi.

Mvuke ulikuwa mzito. Pasi alikuwa anapitisha chuma juu ya kitambaa cha meza, hatazami juu. Injinia akasimama karibu na kapu la hanga za kutundikia nguo. Alikuwa amepanga maneno njiani, tena yenye vina. Yote yakamkimbia. Ikapita dakika, chuma kinakwenda, chuma kinarudi.

"Kisanduku cha lazima," Pasi akasema bila kuinua macho, "usipite kimya kimya."

"Nisamehe," Injinia akasema. Neno lilikuwa halina mizani wala kina, na lilimtoka kama jino. "Nimekuaibisha mbele ya watu."

"Watu wamecheka, watasahau. Mimi nakasirika kwa jambo jingine." Akakiinua chuma akakisimamisha. "Umeuliza kama mtu anayelijua jibu. Ndiyo, na ndiyo upesi! Hiyo ya tatu iko wapi?"

"Niliiogopa."

"Uliiogopa ukaninyima mimi?"

Injinia akakuna kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikosolewa na akaona aliyemkosoa amesema kweli.

"Nimeshalifuta swali lenyewe," akasema. "Halitakusumbua tena."

"Nani amekuambia ulifute?" Pasi akamkazia macho. "Umeliuliza, halafu umelikimbia kabla sijajibu. Lirudishe. Mimi peke yangu nilione. Lisiwe la lazima. Na uniwekee hapana yangu, nzima, pale ninapoweza kuifikia. Nikiwa nayo mkononi nitajua la kuifanyia."

Ijumaa asubuhi Injinia alikaa mbele ya msimbo kuandika neno moja la herufi sita. Alikuwa amekwisha kuandika maelfu ya mistari maishani mwake, na hakuna uliomchosha vile. Kwanza aliiweka *Hapana* chini kabisa ya orodha. Akaitazama. Akaona anadanganya. Akaipandisha juu, iwe ya kwanza, halafu akahakikisha kwamba mwanzo wa orodha ni mtupu, isije hapana ikajichagua yenyewe kama asali.

Zamu ya Pasi ilianza saa nane. Rekodi ya kwanza: *Anayepokea: Pasi.* Jibu: tupu. Ya pili, tupu. Maelezo yalikuwa makavu kama mbao: *Shuka mbili. Koti moja, kifungo kimelegea.* Hakuna kijembe, hakuna mwiba. Ya tano tupu. Ya nane tupu. Haikuwa ya lazima tena, na binti alikuwa anapita.

Habari, sijui nani aliivujisha, ilikuwa imekwisha kuzunguka. Mzee wa Mapovu akapanda na bisibisi, akadai anakuja kusikiliza bomba la mvuke. Alilisikiliza huku ametazama skrini. Baadaye akapanda Mama Vifungo kuuliza kama kuna mtu ameona uzi wa kijani. Mwishowe akapanda Bosi, akasimama mlangoni mikono kiunoni, hakutoa sababu yoyote.

"Bado?" akauliza.

"Bado, bosi."

"Hapa juu," akasema, "niite mama mdogo."

Saa tisa kasoro dakika tatu, rekodi ya kumi na mbili ikaingia. Wote wanne wakainama, vichwa vikagongana.

*Anayepokea: Pasi. Mteja: Injinia. Nguo: shati moja la bluu, la kiume. Doa: wino. Siku ya kuchukua: Jumamosi, saa kumi. Jibu:* tupu. *Maelezo mengine: Shati bado limo mwilini mwa mteja. Alilete mwenyewe. Na kama ana swali, aje nalo mdomoni.*

Injinia aliutafuta mlango huku akifungua vifungo. Ngazi ya kumi mkono mmoja ulitoka, ya nne ukatoka wa pili, na alipofika kaunta alikuwa amebaki na fulana yenye tundu ubavuni, shati kalinyoosha mbele kama bendera. Palikuwa na wateja sita. Nyuma yake ngazi zililia kwa vishindo vya watu watatu walioteremka bila kujificha.

"Nimeleta shati," akasema.

"Naliona," Pasi akasema. "Na tundu naliona. Swali?"

"Jumamosi jioni. Twende tukatembee? Ukitaka. Na usipotaka, basi... basi shati litakuwa safi tu."

Pasi akaigeuza tableti ili wote wawili waione. Akafungua orodha. Kidole chake kikashuka juu ya *Hapana*, kikatulia pale. Kikakaa. Mwanamke wa kwanza kwenye foleni akajishika shavu. Injinia hakukitazama kidole, alimtazama mwenye kidole, na kwa mara hiyo bila woga.

"Hapana nzuri hii," Pasi akasema. "Umeiandika vizuri. Nitaiweka akiba."

Kidole kikateleza chini, kikaipita *Ndiyo*, kikabofya ya mwisho.

"Upesi," akasema huku akibonyeza kitufe cha kuhifadhi na kulinyakua shati, "kwa sababu wateja wamejaa."

Kelele iliyopasuka pale ndani iliwatoa watu wa duka la jirani. Mama Vifungo alimkumbatia mteja asiyemjua. Bosi alifuta macho kwa taulo la mtu, akaliandikia doa. Na Injinia akiwa bado amesimama na fulana yake yenye tundu, anacheka kama aliyetekenywa, akahisi mtu anamgusa bega. Alikuwa Mzee wa Mapovu, bisibisi mkononi, uso umekunjamana kwa fikra.

"Sasa sisi tuliokubali tangu jana," akauliza, "tuje na kofia, au kule kuna kivuli?"